Uchoraji na Madaraka Nchini Kongo, 1926–1997

Historia ya uchoraji wa kisasa nchini Kongo haitengani na historia ya utawala wake. Katika muda wa miaka 70 hivi nchi ilitoka mikononi mwa Wabelgiji, ikapata uhuru, ikagawanyika, ikaunganishwa tena kwa nguvu za jeshi, ikabadilishiwa jina, kisha ikaingia katika vita vilivyoanzia Kivu ya Kusini. Kila hatua ilimwondoa mnunuzi mmoja wa picha na kumleta mwingine, na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mchoraji anaishi kwa kuuza. Mnunuzi akibadilika, mada hubadilika. Na mada ikibadilika, mkono nao hutafuta namna nyingine ya kuchora.

Ufaransa ndiyo inayotajwa zaidi kwa mfano wa aina hii. Jacques-Louis David, aliyekuwa akichora kwa maagizo ya utawala wa kifalme kabla ya 1789, aliingia katika bunge la mapinduzi na kupiga kura mfalme auawe. Mwaka 1793 alichora kifo cha rafiki yake Jean-Paul Marat, mwanasiasa aliyechomwa kisu akiwa katika birika la kuogea. Picha hiyo haina malaika wala mapambo. Kuna mwili uliolegea, mkono ulioanguka pembeni ukiwa bado na kalamu, kasha la mbao lenye jina la marehemu na la mchoraji, na sehemu yote ya juu imeachwa tupu, giza. Mkao wa mwili ni ule ambao Wakristo walikuwa wameuzoea katika picha za Yesu akishushwa msalabani. Baadaye David alichora kutawazwa kwa Napoleon, na wafalme waliporudi alikimbilia Brussels, alikofia mwaka 1825. Picha ya Marat iko Brussels mpaka leo. Mwaka 1830 Eugène Delacroix alichora Uhuru kama mwanamke mwenye bendera akiwaongoza watu juu ya maiti na vifusi. Serikali mpya ya Ufaransa iliinunua, kisha ikaiondoa machoni pa watu kwa hofu kwamba ingewasha moto tena. Mwaka huohuo mapinduzi mengine yalizaa dola ya Ubelgiji, ambayo mfalme wake wa pili, Leopold II, alijitwalia Kongo mwaka 1885.

Chini ya Wabelgiji, picha za kwanza za Wakongo kuchorwa kwenye karatasi kwa ajili ya kuuzwa zilitoka Bukama, Katanga, mwaka 1926. Georges Thiry, afisa wa utawala wa kikoloni, alivutiwa na kuta za nyumba zilizochorwa, akawapa Albert Lubaki na mkewe Antoinette karatasi na rangi za maji. Huko Kasai alimpata Djilatendo, aliyekuwa fundi wa kushona nguo. Picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo lakini yalikuwa makubwa. Mchoro wa ukutani ulikuwa wa majirani: waliuona kila siku, waliijua maana yake, na mvua ilipouharibu ulichorwa mwingine. Mchoro wa karatasi uliondoka na meli. Aliyeuchora hakujua utatundikwa wapi, na aliyeutundika hakujua habari za kijiji ulikotoka. Miaka michache baadaye msaada waliokuwa wakiupata kutoka kwa Wazungu ulikatika, na wachoraji hao wakasahauliwa kwa muda mrefu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Ilikuwa mwaka 1946, na karakana hiyo ilijulikana kwa jina la Le Hangar. Mwalimu huyo hakutaka wanafunzi wake waige uchoraji wa Ulaya. Aliwataka wachote katika kumbukumbu zao wenyewe, na kila mmoja akajipatia mkono wake. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka kwa usafi wa ajabu, akijaza nyuma yao nukta na mistari midogo kama nguo iliyofumwa. Mwenze Kibwanga alijenga wawindaji na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, rangi ya udongo, kahawia na nyeusi. Bela Sara, aliyetoka upande wa Ubangi-Shari, aliacha brashi akachora kwa vidole. Hakuna sababu ya kuudharau ustadi huo. Pilipili na Mwenze ni miongoni mwa wachoraji bora waliopata kutokea Afrika ya Kati.

Hata hivyo, mtu akizipitia picha hizo moja baada ya nyingine, ataona kinachokosekana. Élisabethville ulikuwa mji wa shaba, wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, wa makambi ya wafanyakazi na bomba la moshi linaloonekana kutoka kila upande. Desemba 1941, miaka mitano kabla ya Le Hangar kufunguliwa, wafanyakazi wa kampuni hiyo waligoma wakidai mshahara, na askari wakawapiga risasi katika uwanja wa mpira. Watu wengi walikufa. Katika picha za Le Hangar hakuna mgodi, hakuna askari, hakuna mzungu, hakuna barabara. Kuna pori, mto na uwindaji. Wanunuzi walikuwa Wazungu, na walichokitafuta ni Afrika isiyo na lawama kwao. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, wanafunzi wake walijiunga na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1951 na Mbelgiji Laurent Moonens. Upande wa magharibi wa nchi, mmisionari Marc-Stanislas alikuwa ameanzisha shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi mwaka 1943. Ilihamishiwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1949, na mwaka 1957 ikageuka kuwa Académie des Beaux-Arts.

Uhuru ulikuja kwa kasi ambayo hakuna chuo kilichoitazamia. Tarehe 4 Januari 1959 ghasia zililipuka Léopoldville. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa huru, Patrice Lumumba akiwa waziri mkuu, na siku 11 baadaye Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Katanga ilirudishwa katika nchi mwanzoni mwa 1963. Kivu nayo ilikuwa katikati ya misukosuko hiyo. Wafuasi wa Lumumba waliushika mji wake wa Bukavu mwishoni mwa 1960. Agosti 1964 waasi wa Simba waliingia mjini wakarudishwa nyuma na askari wa Kanali Léonard Mulamba. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji wakaukalia hadi Novemba, walipovuka mpaka kwenda Rwanda.

Mwalimu wa Le Hangar alikuwa amekufa, na Wazungu wengi waliokuwa wakinunua ndege na samaki walikuwa wameondoka. Mnunuzi mpya alikuwa Mkongo mwenyewe: mfanyakazi wa mgodi, karani, mwalimu, mwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule ambamo wageni wangeketi. Historia iliyomwagika nchi nzima, kutoka Bukavu mashariki hadi Kwilu magharibi, iliingia kwenye turubai hasa katika miji ya shaba, kwa sababu huko ndiko mshahara wa mwisho wa mwezi ulikokuwa wa uhakika. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilijaa wachoraji ambao wengi wao hawakupita katika chuo chochote. Walitandika vitambaa vya magunia ya unga kwenye fremu nyepesi, wakapaka rangi za dukani, wakazunguka na picha zao mitaani, nyumba hadi nyumba. Bei ilikuwa ya kumfaa mtu wa kawaida. Picha iliyopendwa ilichorwa upya mara nyingi, na hakuna aliyeona aibu, kwa sababu mnunuzi alitaka ileile aliyoiona kwa jirani.

Watu waliziita picha hizo ukumbusho. Kulikuwa na Mamba Muntu, nguva mwenye nywele ndefu, anayempa mtu utajiri na kumdai malipo mazito. Kulikuwa na picha za wazee na vijiji vya zamani, za vita vya biashara ya watumwa, za mashujaa na wafalme. Lakini iliyotundikwa katika sebule nyingi kuliko karibu nyingine zote ilikuwa ile iliyoitwa Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji. Mpangilio wake haukubadilika sana kutoka mchoraji mmoja hadi mwingine. Ni ua wa gereza au wa ofisi ya serikali. Mfungwa amelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa, askari Mwafrika mwenye tarbushi nyekundu ameinua kiboko. Pembeni amesimama mzungu wa utawala, nguo nyeupe, kofia ngumu ya jua, kiko mdomoni, bila kugusa kitu. Wafungwa wengine, wenye nguo za mistari, wanabeba mizigo au kuchota maji. Mara nyingi yupo mwanamke aliyeleta chakula. Juu ya yote inapepea bendera ya buluu yenye nyota moja ya manjano.

Yafaa kuitazama picha hiyo kwa makini, maana namna ya kuchora imekwisha kubadilika kabisa. Watu wamepangwa wazi kama jukwaani ili kila kitendo kisomeke. Hakuna kivuli kinachoficha kitu. Ukubwa wa mtu hautokani na umbali wake bali na uzito wake katika habari. Maandishi yameingia ndani ya picha: jina, mwaka, wakati mwingine maelezo. Bendera na sare zimekuwa kalenda. Nyota moja juu ya buluu ni Ubelgiji. Nyota kubwa na sita ndogo ni uhuru wa 1960. Misalaba ya shaba ni Katanga ya Tshombe. Mwenge juu ya kijani ni Zaire, kama nchi ilivyoitwa tangu 1971. Mtu asiyejua kusoma Kifaransa aliweza kujua mara moja anatazama utawala gani. Halafu kuna jambo la ndani zaidi. Anayechapa ni Mwafrika, anayeamuru ni mzungu, na wanunuzi wengi walikuwa wakiishi wakati huo chini ya askari wa Rais Mobutu, ambao nao walikuwa na viboko. Picha ilisema juu ya jana, na mwenye nyumba aliielewa kwa jana na kwa leo pia.

Aliyeichukua sanaa hiyo mbali zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo 100 zinazosimulia historia yote ya nchi, tangu wazee wa kale, kuja kwa wageni, ukoloni, uhuru, vita na utawala wa Mobutu, hadi mambo aliyoona yangekuja baadaye. Alizichora kwa ajili ya Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na wawili hao walizungumza juu ya kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Tshibumba alijitambulisha kuwa mwanahistoria, si mchoraji tu, na hilo alilichukulia kwa uzito wote. Wasomi walikuwa wameandika historia ya Kongo kwa Kifaransa, katika vitabu ambavyo mtu wa kambi ya wafanyakazi hangeviona. Yeye aliiandika kwa rangi.

Picha yake ya kifo cha Lumumba inamfanya mtazamaji amkumbuke David bila kulazimishwa, ingawa wachoraji hao walitenganishwa na karibu miaka 200 na kila aina ya tofauti. Lumumba amelala mbele kabisa, ubavuni ana jeraha, na damu inayotoka inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mpolo na Okito wamelala nyuma yake. Mbali, juu ya kilima, imesimama misalaba mitatu. Mtu yeyote aliyewahi kusikia habari za Ijumaa Kuu, na Katanga karibu wote walikuwa wamezisikia, alijua anachoambiwa: huyu alikufa kwa ajili ya wengine, kati ya wawili waliokufa pamoja naye. Wote wawili, David na Tshibumba, walikuwa na mwanasiasa aliyeuawa na watu waliohitaji kumwombolezea, na wote wakachukua mwili ambao watu wao walikuwa wamekwisha kuulilia makanisani. David alikuwa na bunge la mapinduzi nyuma yake. Tshibumba alikuwa na gunia la unga, na nyuma ya mada yake kulikuwa na ruhusa ambayo ingeweza kuondolewa wakati wowote.

Ruhusa hiyo ilitoka kwa Mobutu. Chini ya Tshombe, kumtukuza Lumumba ndani ya Katanga kulikuwa kujitafutia balaa. Mobutu, aliyekuwa na mkono katika kuanguka kwa Lumumba, alipindua serikali tarehe 24 Novemba 1965, na mwaka 1966 akamtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Tangu hapo sura yake iliweza kutundikwa. Lakini Mobutu alikuwa na mpango wake mwenyewe kwa sanaa. Mwaka 1966 majina ya miji yalibadilishwa, mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, mwaka 1972 watu wakatakiwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Ndiyo sera ya authenticité, kurudi kwenye asili. Taasisi ya makumbusho ya taifa ilikuwa imeundwa mwaka 1970. Mwaka 1973 Kinshasa ilipokea mkutano wa chama cha kimataifa cha wahakiki wa sanaa, na wasanii waliotoka katika Académie des Beaux-Arts, miongoni mwao mchongaji Liyolo na mchoraji Lema Kusa, wakajipanga chini ya jina la Avant-gardistes. Kazi zao zilichanganya umbo la vinyago vya kale na ufundi wa kisasa, mara nyingi zikikaribia kuacha sura ya mtu halisi. Nyingi zilienda kwenye ofisi za serikali, mahoteli na viwanja vya mji.

Inasikitisha kuona jinsi agizo la Mobutu lilivyofanana na lile la Le Hangar. Mfaransa wa 1946 na rais wa 1972 walimwambia mchoraji wa Kongo jambo moja: tazama kwa mababu. Wote wawili walimgeuza uso asitazame barabarani. Tofauti ni kwamba wa pili alikuwa Mkongo, na televisheni yake ilifungua habari kila jioni kwa kumwonyesha akishuka kutoka mawinguni. Wachoraji wa mitaani hawakumpinga waziwazi. Tshibumba naye alimchora Mobutu kwa sifa. Lakini waliendelea kuchora mambo ambayo sera ile haikuwa na nafasi kwayo: gereza, mgomo, mamluki, treni, maiti.

Kinshasa ilikuwa na wachoraji wake wa mitaani, na mwaka 1978 maonyesho yaliyoitwa Art partout yaliwaingiza ndani ya Académie yenyewe: Moke, Pierre Bodo, Chéri Chérin na Chéri Samba. Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, alifika Kinshasa mwaka 1972, akaanza kwa kuchora vibao vya matangazo na katuni za magazeti, na mwaka 1975 akafungua karakana yake. Kutoka katika vibao na katuni alichukua maandishi marefu ndani ya picha, kwa Kifaransa na Lingala, akitaka mpita njia asimame asome. Moke alichora baa, ndondi, misafara na usiku wa mji. Kinshasa kejeli na burudani vilikuwa mbele, wakati Katanga ilishikilia kumbukumbu na maombolezo.

Katanga ilikuwa ikififia. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, vita vikapita Kolwezi mwaka 1978, mshahara ukakosa thamani. Mtu asiyeweza kununua unga hanunui ukumbusho. Habari za Tshibumba zinakatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliosalimika walikuwa wale wa Kinshasa waliopata wanunuzi wa nje. Mwaka 1989 Chéri Samba alikuwa miongoni mwa walioonyesha kazi katika maonyesho ya Magiciens de la terre jijini Paris, na tangu hapo picha zake zikakua kwa ukubwa, rangi zikang'aa, na yeye mwenyewe akazidi kujichora katikati ya mada akiizungumzia dunia nzima. Turubai kubwa namna hiyo haiingii katika sebule ya mfanyakazi.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alikubali vyama vingi, na wachoraji wakapata tena siasa ya kuchora, mkutano mkuu wa taifa na maandamano ya Wakristo ya 16 Februari 1992. Lakini uporaji uliofanywa na askari Septemba 1991 uliwafukuza wageni wengi waliokuwa wakinunua mjini Kinshasa. Oktoba 1996 muungano wa waasi wa AFDL ulitangazwa Lemera, Kivu ya Kusini. Mwishoni mwa mwezi huo Bukavu ilianguka na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ilichukuliwa na AFDL. Kiongozi wa muungano huo, Laurent-Désiré Kabila, mpiganaji wa upande wa Lumumba tangu miaka ya 1960, alirudisha jina la Kongo na bendera ya 1960, ile ambayo wachoraji wa Katanga walikuwa wameihifadhi kwenye magunia ya unga kwa miongo miwili.

Sehemu kubwa ya kazi hizo sasa iko Ulaya. Mfululizo wa Tshibumba uko Amsterdam. Mkusanyo wa mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, uliojaa Colonie belge na Mamba Muntu, ulichukuliwa mwaka 2013 na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na sehemu yake ikaonyeshwa Brussels mwaka 2016. Paris iliwaweka pamoja Lubaki, Djilatendo, Pilipili, Mwenze, Moke na Samba katika maonyesho ya Beauté Congo mwaka 2015. Makumbusho mapya ya taifa yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini yalifunguliwa Kinshasa mwaka 2019. Picha zilizobaki katika sebule za Likasi na Kolwezi zilichorwa juu ya kitambaa chembamba na rangi ya bei nafuu, na nyingi zilikwisha kuchakaa kabla hazijaandikwa katika orodha yoyote.